Besi ya trance kwa sintesaiza za kompyuta: panga muda kwanza

Noti moja ya besi ya trance (muziki wa dansi wa kielektroniki), ile inayokimbia bila kupumzika kati ya kiki (pigo la ngoma kubwa) na kiki, ina maisha mafupi sana. Kwenye tempo ya 138 BPM (biti kwa dakika) biti moja ina milisekunde 434.8. Igawe kwa nne upate noti ya kumi na sita: milisekunde 108.7. Sasa piga G1, yenye masafa ya 49 Hz. Wimbi lake moja kamili linachukua milisekunde 20.4, kwa hiyo nafasi nzima ya noti inatosha mizunguko mitano na kidogo. Ndani ya mizunguko hiyo mitano msikilizaji anatakiwa apate mshindo wa mwanzo, uzito wa kifuani, na ukimya mdogo kabla noti nyingine haijaingia.

Ukishika hesabu hiyo, mengi yanayosumbua yanajieleza yenyewe: kwa nini besi iliyosikika nene ulipoibonyeza peke yake inageuka tope ndani ya wimbo, au kwa nini noti moja kati ya tatu inasikika dhaifu ingawa zote zimeandikwa sawa. Besi hii inashinda au inashindwa kwenye milisekunde. Rangi ya sauti yenyewe ni rahisi mno: wimbi moja la msumeno na filta moja. Sintesaiza za Vital na Surge XT zinapatikana bure na zinatosha kabisa. Serum, Sylenth1 na Spire nazo zinatosha. Hakuna haja ya kusubiri kununua kitu.

Kiki kwanza

Usiguse sintesaiza kabla ya kumalizana na kiki. Chukulia kila biti ni nyumba yenye vyumba vinne vya noti ya kumi na sita. Chumba cha kwanza ni cha kiki peke yake. Vyumba vitatu vinavyofuata ni vya besi. Sampuli nyingi za kiki zina mkia wa milisekunde 250 hadi 400, na mkia huo unaingia chumba cha pili na cha tatu bila kubisha hodi. Besi yoyote utakayotengeneza juu yake itapigana nao.

Ikate. Fungua sampuli kwenye DAW yako (programu ya kutengenezea muziki), ifupishe ibaki milisekunde 100 hadi 130, kisha mwisho wake uufifishe taratibu kwa milisekunde 10 hadi 15 ili usisikie mlio wa kukatwa. Kiki iliyokatwa hivi itasikika kavu na fupi ikiwa peke yake. Usiogope. Besi ndiyo itakayokuwa mkia wake, na masikioni mwa msikilizaji vitu hivyo viwili vitakuwa kimoja. Weka kilele cha kiki karibu na -6 dB kwenye mita ili ubaki na nafasi ya vitu vingine, na hakikisha sauti ya mkia haiko nusu toni moja pembeni ya noti ya besi, maana hapo ndipo chini kunapoanza kutetemeka vibaya.

Noti na urefu wake

Hapa kuna mtego wa majina ya okteva. G1 ya vitabu vya muziki, yaani 49 Hz, ni noti namba 31 ya MIDI, mfumo wa kompyuta wa kuzipa noti namba. Kwenye Ableton Live utaiona imeandikwa G0, kwenye FL Studio utaiona G2. Ukifuata jina bila kuangalia unaweza kujikuta okteva nzima juu au chini. Weka kionyeshi cha masafa kwenye chaneli, bonyeza noti, uangalie kilele cha kwanza kiko wapi. Kikiwa karibu na 49 Hz, uko sawa.

Eneo zuri ni kuanzia E1, ambayo ni 41.2 Hz, hadi C2, ambayo ni 65.4 Hz. Chini ya E1 spika nyingi huishiwa nguvu, na juu ya C2 uzito wa kifuani hupungua. Ndiyo sababu F, F#, G na A zinatumika mno kama noti za msingi za nyimbo hizi. Kodi zako, yaani noti zinazopigwa pamoja, zikihitaji noti iliyo nje ya eneo hilo, ikunje kwa okteva irudi ndani.

Andika noti kwenye chumba cha pili, cha tatu na cha nne cha kila biti. Urefu wa kila noti uwe asilimia 70 hadi 80 ya chumba, yaani milisekunde 76 hadi 87 kwa tempo hii. Velositi zote, yaani nguvu ya kubonyeza noti, ziwe sawa kwa sasa, 100. Kuzibadilisha kuna faida yake, ila mwanzoni kunakuficha makosa ambayo unatakiwa uyaone.

Sauti yenyewe

Anza na priseti tupu, yaani mpangilio wa sauti usio na kitu. Zima osileta zote (vizalishaji vya wimbi) ubakize moja, uipe wimbi la msumeno. Kwa nini msumeno na si mraba? Msumeno una harmoniki zote: ukipiga G1 unapata 49, 98, 147, 196 Hz na kuendelea. Wimbi la mraba linaruka zile za shufwa, hivyo 98 na 196 hazipo, na besi inasikika kama ina uwazi katikati. Uwazi huo unapendeza kwenye mitindo mingine. Kwa besi inayokimbia unahitaji mwili uliojaa.

Sauti iwe mono, voisi moja tu. Legato izimwe, na utelezi kutoka noti hadi noti uwe sifuri. Unisoni, yaani nakala za wimbi zinazopigwa pamoja, iwe moja. Zima korasi, riverbi, dilei na chochote kingine kilichowaka chenyewe ulipofungua priseti.

Filta iwe ya lopasi, ile inayoruhusu masafa ya chini na kukata ya juu, yenye mteremko wa 24 dB kwa okteva. Ya 12 dB inaacha ukwaruzo mwingi juu na besi haifungi mdomo kwa haraka inavyotakiwa. Katofu, masafa ambapo filta inaanza kukata, iwe karibu na 90 Hz, rizonansi (msisitizo wa masafa ya hapo) asilimia 10 au pungufu, na washa kipengele kinachoifanya filta ifuate noti, asilimia 100. Usipokiwasha, G itasikika ng'avu na C2 itasikika butu, na utahangaika kuzirekebisha kwa ikwalaiza (kifaa cha kupandisha na kushusha masafa) ilhali tatizo liko kwenye filta.

Sasa elekeza envelopu ya pili, umbo la mabadiliko kwa muda, kwenye katofu. Ataki (muda wa kupanda) sifuri, sasteini (kiwango kinachoshikiliwa) sifuri, dikei (muda wa kushuka) kati ya milisekunde 60 na 90, na kiasi cha kuipandisha kiwe okteva nne na nusu, yaani nusu toni 54. Kutoka 90 Hz hapo filta inaruka hadi karibu 2,000 Hz, kisha inaporomoka. Mporomoko huo ndio tabia nzima ya besi hii. Ukiufupisha unapata kitu kikavu cha kugonga kama cha psytrance, aina kali ya trance, ukiurefusha unapata kitu laini na kinene zaidi. Usitegemee namba peke yake, kwa sababu mkunjo wa envelopu hautoki sawa kwenye kila sintesaiza: mbili zilizoandikwa milisekunde 80 zinaweza kushuka tofauti kabisa, moja ikianguka ghafla mwanzoni na nyingine ikiteremka kwa mstari ulionyooka. Kwenye Vital unaweza kuuvuta mkunjo wenyewe kwa kipanya. Uvute uwe na tumbo kwa ndani, ushuke haraka mwanzoni na polepole mwishoni.

Envelopu ya sauti iache tambarare: ataki milisekunde 0.5, sasteini asilimia 100, rilisi (muda wa kufifia noti ikiachwa) milisekunde 10 hadi 12. Wengi huweka dikei hapa pia, ili sauti ishuke pamoja na filta. Matokeo yake ni kwamba vitu viwili vinashuka kwa wakati mmoja na 49 Hz inakonda kabla ya noti kuisha. Filta inatosha kuchonga umbo. Kazi ya envelopu ya sauti ni kufungua mlango na kuufunga. Rilisi isipungue milisekunde 5, kwa sababu noti ya 49 Hz ikikatwa katikati ya mzunguko wake inatoa mlio wa "tik". Ukiwa na noti ya milisekunde 80 na rilisi ya 12, zinabaki kama 16 za ukimya kabla ya chumba kinachofuata. Huo ukimya ndio unaofanya noti tatu zisikike tatu. Ukiujaza, besi haikimbii tena, inavuma tu.

Fezi, mahali ambapo besi nyingi hufia

Sintesaiza nyingi zinapofunguliwa huwa zimepangwa ili osileta ianze kila noti mahali popote kwenye mzunguko wake; mahali hapo pa kuanzia ndipo panapoitwa fezi. Kwa pedi ndefu, zile sauti laini za nyuma, hiyo ni neema, sauti inapata uhai. Kwa noti yenye mizunguko mitano ni balaa: noti moja inaanza kwenye kilele, nyingine katikati, nyingine kwenye bonde, na kila moja inakutana na mkia wa kiki kwa namna yake. Moja inaongezewa nguvu, nyingine inafutwa nusu.

Kwa hiyo lazimisha kila noti ianzie mahali pamoja. Kwenye Vital, pembeni ya namba ya fezi kuna asilimia ya ubahatishaji ambayo huja ikiwa 100. Ishushe hadi 0. Kwenye Serum ni nobu ya Rand, nayo iwe 0. Sylenth1 ina kitufe cha Retrig kwenye kila osileta; kiwashe. Surge XT ina kitufe cha Retrigger kwenye eneo la osileta, na pia telezo la Osc Drift ambalo linapaswa kuwa sifuri, la sivyo tuni itayumba kidogo kidogo.

Kisha chagua mahali pa kuanzia. Rudia ba moja (biti nne) ya kiki na besi, na usogeze fezi kwa hatua za digrii 45: sifuri, 45, 90, hadi umalize mzunguko. Ni mahali nane tu, dakika mbili za kazi. Kwenye baadhi utasikia mlio mkali wa kugonga mwanzoni mwa noti, kwa sababu wimbi limeanza juu kwenye mruko wa msumeno. Kwingine mwanzo ni laini na uzito umejaa. Kwa psytrance mlio kidogo wa kugonga unafaa, unasaidia besi isikike kwenye spika ndogo. Kwa trance ya melodi afadhali mwanzo laini, maana juu yake kutakuja vitu vingi. Ukibadilisha kiki, rudia zoezi hili, kwa kuwa jibu lilitegemea kiki ile.

Sasa pima kwa macho. Toa ba mbili za besi ziwe faili ya sauti na uivute karibu hadi noti moja ijaze skrini. Utaona meno ya msumeno: la kwanza lina ncha kali kwa sababu filta iko wazi, la pili ncha imekwisha, na kuanzia la tatu limekuwa kilima cha duara kinachokaribia wimbi la sini. Baada ya hapo mstari ulionyooka, ndio ukimya wako. Linganisha noti za vyumba vyote. Kama zina sauti moja na velositi moja, zinatakiwa kuwa mapacha, meno kwa meno. Noti moja ikiwa na umbo tofauti kuna kitu bado kinazunguka kivyake: LFO (wimbi la polepole linaloyumbisha sauti) isiyoanza upya na noti, korasi uliyoisahau, au ubahatishaji wa fezi kwenye osileta ya pili.

Saidicheni, kwa kiasi

Kwa sababu besi haipigi kwenye chumba cha kiki, haihitaji kupondwa na kompresa (kifaa cha kubana nguvu ya sauti) kama inavyofanyika kwenye mitindo mingine. Kinachohitaji msaada ni noti ya chumba cha pili tu, inayokutana na mabaki ya kiki. Weka kompresa kwenye besi isikilize kiki, ndiyo saidicheni yenyewe: uwiano 4:1, ataki chini ya milisekunde 1, rilisi 80 hadi 110, na kizingiti kishushwe hadi noti hiyo ipungue 3 hadi 6 dB. Noti za chumba cha tatu na cha nne zinapaswa kubaki karibu kama zilivyo. Kama unayo plagini ya kuchora umbo la sauti kwa biti, itumie badala ya kompresa, kwani mchoro haubadiliki kulingana na nguvu ya kiki. Njia ya tatu, na iliyo rahisi kuliko zote, ni kushusha velositi ya noti ya chumba cha pili hadi 85 hivi, mradi velositi imeunganishwa na sauti kwenye priseti yako. Mara nyingi hiyo inatosha.

Distosheni na ikwalaiza

Spika za simu na kompyuta ndogo hazitoi 49 Hz hata chembe. Kinachosikika huko ni harmoniki kuanzia ya tatu au ya nne, yaani 147 na 196 Hz kwenda juu, na ubongo unakamilisha noti ya chini wenyewe. Kwenye msumeno harmoniki ya nne iko 12 dB chini ya ya kwanza, na filta inapofunga inaishusha zaidi. Distosheni laini inainua hizo. Ongeza 3 hadi 6 dB kwenye kiingilio cha plagini ya mtindo wa tyubu au tepu, kisha punguza kitokeo hadi mita irudi pale pale, ndipo uhukumu. Bila kurudisha kiwango utaidhani imependeza kwa sababu tu imeongezeka sauti. Washa ovasampulingi mara 4 kama ipo: distosheni inazalisha harmoniki zinazovuka nusu ya kiwango cha sampuli, yaani 22,050 Hz kwa mradi wa 44,100, na zikivuka zinarudi chini zikiwa masafa yasiyohusiana na noti yako.

Ikwalaiza iwe na mkono mwepesi. Punguza 2 au 3 dB kati ya 200 na 300 Hz kama kuna tope. Ongeza 2 dB karibu na 800 hadi 1,200 Hz kama besi inapotea pedi zikiingia. Filta ya haipasi, inayokata masafa ya chini, kwenye 25 Hz inafaa, ila iwe ya mteremko wa 12 dB tu. Ile kali ya 48 dB iliyowekwa 35 Hz inageuza fezi ya masafa yaliyo jirani nayo, na mwanzo wa noti uliouchonga kwa taabu unalegea.

Besi ya katikati ya biti

Trance ya melodi mara nyingi hutumia pia besi inayopiga kwenye chumba cha tatu peke yake. Hapa una noti ya nane nzima, milisekunde 217.4, kwa hiyo mikono iko huru zaidi. Noti iwe na urefu wa milisekunde 180, dikei ya filta 200 hadi 250, sasteini ya filta asilimia 30, katofu ya chini 200 Hz. Osileta ya pili inaweza kuongezwa okteva moja juu.

Ukitaka unene wa stirio, tenganisha tabaka. La chini ni wimbi la sini, mono, halina athari yoyote. La juu ni misumeno miwili iliyopotoshwa tuni kidogo, okteva moja juu, ikiwa imekatwa na haipasi kwenye 120 hadi 150 Hz. Usipotoshe tuni ya tabaka la chini hata kidogo. Misumeno miwili ya A1, 55 Hz, iliyoachana kwa senti 10, ambapo senti 100 ni nusu toni moja, ina tofauti ya 0.32 Hz. Maana yake uzito wa chini unajaa na kutoweka kila baada ya sekunde tatu hivi, na hakuna kompresa itakayokuokoa. Tabaka zikishakaa pamoja, geuza polariti ya moja wapo, yaani pindua wimbi lake juu chini, uone mita ya chini ya 120 Hz. Upande unaotoa nguvu zaidi ndio wa kubaki nao.

Ikiwa bado haikai

Besi inasikika ndani ya hedifoni lakini inatoweka kwenye spika kubwa: iweke mono uone. Kama inapungua waziwazi, kuna unisoni au plagini ya kupanua stirio inayogusa chini ya 120 Hz.

Mdundo unasikika umechelewa ingawa noti ziko kwenye gridi: angalia ucheleweshaji wa plagini. Limita (kizuizi cha kilele cha sauti) na ikwalaiza za fezi nyoofu (linear phase) zinaweza kuchelewesha kwa milisekunde nyingi, na kama fidia ya ucheleweshaji imezimwa kwenye DAW, besi inaingia chumba cha jirani. Fezi nyoofu pia ina tatizo jingine, inatoa mwangwi mdogo kabla ya noti, yaani ndani ya ule ukimya wa milisekunde 16. Kwa besi tumia ikwalaiza ya kawaida.

Noti zinashikana zikiwa zaidi ya 142 BPM: umebadilisha tempo bila kubadilisha muda. Kwa 145 BPM chumba kina milisekunde 103.4. Noti zilizoandikwa kwenye gridi zitajifupisha zenyewe, lakini dikei na rilisi zilizowekwa kwa milisekunde hazijui kwamba tempo imepanda. Punguza dikei kwa milisekunde 4 au 5, rilisi kwa 1 au 2, na mkia wa kiki nao ufupishwe kwa kiasi hicho hicho. Kisha rudi kwenye zoezi la digrii 45, kwa sababu noti ya chumba cha pili sasa inakutana na kiki mahali pengine.